Walivyompaka Bonifasi Masizi

Kijiwe cha Karabai kipo Ujiji, pale njia ya kushuka ziwani inapokutana na uchochoro wa wauza mawese, mbele ya kibanda cha Samson, fundi wa taa za wavuvi wa dagaa, ambaye ndiye Karabai mwenyewe. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliotoka kwenye boti iliyozeeka, umelazwa juu ya magogo mawili, na kila mwenye pahali pake anapajua. Hamdani hufika na birika lake jua likianza kupiga mabati, hupanga vikombe, huweka kashata kwenye sinia, na maneno huanza kabla kahawa haijamiminwa. Alhamisi hii maneno yalichelewa kidogo. Pahali pa Bonifasi, kule mwisho penye kivuli, palikuwa patupu kwa siku ya tatu, na hakuna aliyesogea kupakalia ingawa jua lilikuwa likiwachoma wengine shingoni. Chini ya ubao, upande uleule, kilikuwapo kigoda kidogo ambacho mtu mzima akikikalia magoti yatamgusa kidevu. Bonifasi, fundi boti wanayemwita Msumari, alikichonga kwa ajili ya Yunisi, mtoto wa miaka minne, ambaye kwa wiki saba alikuwa akija naye hapa kila asubuhi kuwaamkia wazee mmoja mmoja, na akifika mwisho anaanza upya, mpaka Jumanne gari la ustawi wa jamii lilipomchukua.

— Mimi nawaambia tatizo ni dirisha, — alisema Castory. Castory wanamwita Daktari kwa sababu alilinda geti la zahanati miaka kumi na tisa. — Chumba cha mtoto wa serikali kinapimwa hewa. Wana kifaa. Hewa ikipungua, mtoto anaondolewa.

— Dirisha gani, wewe! — Mwinshehe alidakia. Huyu ndiye Waziri. Anauza mawese kwa madumu, lakini akiizungumzia serikali utadhani ametoka kunywa nayo chai. — Msumari kile chumba kakitoboa madirisha mawili kwa mkono wake. Nilipita nikamuuliza, ndugu yangu, unajenga chumba au unatengeneza chujio?

— Basi ni damu. Grupu la damu halikulingana.

— Damu ya nini, alikuwa anamnyonyesha?

Hamdani alicheka, akamimina. Samson hakucheka. Alikuwa ameinamia taa ya betri iliyoletwa na wavuvi wa Kibirizi, akikwangua kutu kwenye waya ambao alikwisha kuukwangua.

— Tatizo la Msumari ni moja tu, — Mwinshehe aliendelea, akishika kikombe kwa vidole viwili. — Aliomba kitu asichokijua. Yeye kaomba kuasili. Ukiasili, mtoto anabadilishwa jina, anakuwa wako mpaka urithi. Serikali haiwezi kumpa mtu mtoto hivihivi, wakati huenda mama yake yupo huko kusini anamtafuta.

— Hakuomba kuasili, — Samson alisema bila kuinua kichwa.

— Aliomba nini, Karabai? Tufundishe.

— Aliomba malezi ya kambo. Alitusomea hapahapa, kwenye lile daftari.

Ilikuwa kweli. Bonifasi na mkewe Marcelina walikuwa wamekaa siku mbili kwenye semina ya walezi, ukumbi wa kata, na Bonifasi, ambaye kwa kawaida hutoa maneno kama anayepigilia msumari kwenye ubao wa thamani, alirudi na daftari akasoma mbele ya benchi zima. Kwanza kuna ndugu kumlea mtoto wa ndugu, jambo ambalo kila nyumba ya Ujiji inalijua. Halafu kuna mlezi wa dharura: mtoto kaokotwa leo, analala kwako leo, wakati ustawi wa jamii wanatafuta la kufanya. Halafu kambo: unakaa naye kwa miezi au miaka, kwa kibali, unamlisha, unamsomesha, lakini anabaki kuwa mtoto wa watu, na watu wake wakipatikana unamrudisha kwa mikono yako miwili. Mwisho ni kuasili, na hilo ni la mahakama. Bonifasi alifunga daftari akasema yeye na Marcelina wameshakuwa walezi wa dharura tangu jioni ile Yunisi aliposhuka Kibirizi kwenye boti ya kutoka kusini, bila aliyepanda naye, na sasa wanaomba lile la tatu. Castory akamuuliza kama wanatoa na sare. Wote wakacheka, Bonifasi naye.

— Mimi nilidhani anatania, — Castory alisema sasa. — Mtu gani analea mtoto ili aje amrudishe?

— Ndiyo maana wamemkatalia! — Mwinshehe alipiga paja. — Kompyuta imekataa. Sikilizeni. Pale Dodoma kuna kompyuta moja, haizimwi. Unaingiza jina la mlezi, inapanda: baba yake, babu yake, mpaka babu wa babu. Sasa babu yake Msumari si ndiye aliyevuka ziwa na ng'ombe wa watu?

— Ng'ombe wawili tu.

— Wawili kwa kompyuta ni wengi, Daktari.

— Mimi nilisikia wanahesabu kicheko, — Castory alisema, akiona wenzake wamempita. — Wanamwacha mtoto kwako, anakuja mtu wao, mara muuza sufuria, mara fundi bomba. Anahesabu mtoto kacheka mara ngapi tangu asubuhi. Isipofika idadi, gari linakuja.

— Yunisi alicheka sana hapa, — Hamdani alisema.

  Alijishughulisha na makaa.

— Alikuwa ananiita babu Taa, — Samson alisema, akajuta kusema.

— Basi kama si dirisha, si damu, si kompyuta, — Mwinshehe alishusha sauti, akasogeza kichwa katikati kama waziri anayetoa siri ya baraza, — ni fitina. Kuna mtu kamchongea.

Mkono wa Samson ulisimama juu ya waya.

Hapa mgeni angehitaji kuelezwa jambo moja, maana wenyeji hawaelezwi. Kijiwe kile kina sheria yake: mwenzao hasifiwi mbele ya mgeni. Akija mtu kuulizia habari za mmoja wao, wao humpaka mwenzao masizi. Ni desturi ya enzi za karabai za mafuta, wakati kila aliyekaa mbele ya kibanda aliondoka na weusi mashavuni. Atasemwa mwizi, mlevi, mvivu, na kadiri wanavyompenda ndivyo masizi yanavyokuwa mazito. Miaka thelathini iliyopita, wazee kutoka Buzebazeba walikuja kuulizia tabia za Mwinshehe, aliyeposa binti yao. Samson aliwaambia kuwa bwana huyo akilewa, mke wake atakuwa akilala kwa majirani. Mwinshehe hajawahi kuonja hata togwa. Wazee walicheka wakishika mbavu, wakarudi kwao wakatoa binti. Lakini wakwe wa fundi cherehani mmoja wasiyempenda walipokuja kuuliza, kijiwe kizima kiliwajibu kwa adabu, "Ni mtu mzuri tu," na wakwe wakaondoka bila kumaliza kahawa.

Bi Clementina hakuwa mwenyeji. Alihamishiwa Kigoma kutoka Lindi, hata mvua moja ya huku ilikuwa haijamnyea. Alikuja siku za mbalamwezi, boti za dagaa zikiwa zimepumzika na kibanda kimejaa taa za kutengenezwa. Binti mpole, viatu vimejaa vumbi, faili la buluu amelikumbatia. Alisema, "Shikamooni wazee. Natoka ustawi wa jamii. Mzee Bonifasi kaniambia nyinyi ndio mnaomjua kuliko watu wote."

Kuliko watu wote! Walishindana. Mwinshehe alisema huyo anawauzia Wakongo watoto kwa bei ya jumla. Castory alisema ana mkono mwepesi, ampigavyo mbwa ndivyo ampigavyo mtu. Samson aliwaacha wamalize, akanywa funda moja, halafu akatoa lile lake la zamani, lililong'arishwa. Huyo akilewa, alisema, mama Marcelina analala kwetu na mke wangu. Akaona bado halijakolea, akaongeza, "Hata juzi alilala." Binti aliandika. Akamuuliza jina lake. Samson alilitaja lote, la baba na la babu, akampa na namba ya simu. Bi Clementina alipokea kahawa kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda. Castory akamwambia Samson, "Leo umemsifu Msumari kuliko sisi wote," na Samson akaona raha moyoni mpaka jioni.

— Nani amchongee Msumari? — Castory alikuwa akiuliza. — Hana adui.

— Hana? Na mama Veneranda?

— Jirani yake?

— Waligombana ua, mwaka juzi. Msumari kasogeza ua hatua moja. Mwanamke hasahau hatua moja.

— Aisee! — Castory aliweka kikombe chini. — Na jana jioni nilimwona anapita na afisa.

— Si unaona? Yule hata salamu yangu leo hapati. Na wewe Hamdani, akija kuchukua kahawa ya wageni wake, umwambie imekwisha. Tena tumwendee. Tumuulize mbele ya mumewe, mama, mtoto wa watu amekukosea nini?

Castory alikuwa ameshainuka nusu.

— Kaa, Daktari, — Samson alisema.

— Nikae vipi, wakati...

— Kaa. Ni mimi.

Walimtazama. Halafu Mwinshehe akaangua kicheko, na Castory akafuata, akajipiga magoti.

— Karabai bwana! Leo kajipaka mwenyewe!

— Huyo ndiye fundi! Hata masizi yake hamwachii mtu!

Samson aliweka taa chini. Alisubiri kicheko kiishe, na kilichukua muda, kwa sababu kila walipomwangalia uso waliona ni sehemu ya mzaha.

— Jumanne walipomchukua mtoto, — alisema, — Msumari alikuja kwangu jioni. Alikuwa na barua. Hajui kusoma haraka bila miwani, akanipa nimsomee. Imeandikwa kwamba maombi hayajakubaliwa kwa sababu ya taarifa za majirani kuhusu ulevi, na usalama ndani ya nyumba. Mke kulazimika kulala kwa jirani.

Kicheko kiliondoka usoni mwa Castory kidogokidogo, kama maji yanavyonywea mchangani.

— Lakini ule ulikuwa mzaha, — alisema.

— Yeye anajuaje?

— Kila mtu anajua!

— Kila mtu wa hapa, Daktari. Yule katoka Lindi.

— Angeuliza.

— Aliuliza. Sisi ndio tuliojibu.

Mwinshehe alikuwa akizungusha kikombe kitupu kiganjani. — Mimi nilimwambia Wakongo, — alisema polepole. — Bei ya jumla. Je, hilo nalo limo?

— Hilo hakuliandika. Aliona ni upuuzi. La mkono mwepesi limo, Daktari. Na langu limo lote, hata ile "juzi".

Hamdani alimimina bila kuombwa. Hakuna aliyegusa kashata.

— Na Msumari ulimwambia nini, hiyo Jumanne? — Mwinshehe aliuliza.

Hilo ndilo Samson alilokuwa akilikimbia tangu alfajiri. Alimwona tena Bonifasi amesimama mlangoni pa kibanda, kofia mkononi, akisema kwa sauti yake ileile ndogo, "Samson, kuna jirani ananichukia." Na alijisikia tena yeye mwenyewe akijibu.

— Nilimwambia pole, — alisema.

— Pole tu?

— Pole tu. Akasimama kidogo, akaaga.

Castory alishika kichwa. 

— Twende ofisini, — Castory alisema hatimaye. — Twende wote watatu, sasa hivi. Tumweleze binti yule desturi yetu. Atacheka, atamrudisha mtoto.

— Nimekwenda. Jana.

— Eeh! Akasemaje?

— Alinipa kiti. Nikamweleza yote, masizi, wakwe wa Waziri, fundi cherehani. Alinisikiliza, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akafungua faili, akanisomea maneno yangu. Akaniuliza, "Mzee wangu, siku ile ulikuwa unasema kweli?" Nikasema la. "Na leo unasema kweli?" Nikasema ndiyo, wallahi, na mimi ni Mkristo, lakini niliapa hivyo. Akaniuliza, "Sasa mimi nitazijuaje?"

— Nitazijuaje nini?

— Siku. Siku ya kweli na siku ya uongo.

— Ukamjibuje?

— Ningemjibuje, Waziri? Wewe ungemjibuje?

Mwinshehe alirudisha kikombe kwenye sinia.

— Akaniambia watu wengi huja kufuta maneno yao, — Samson aliendelea. — Mwingine katumwa na mwenye nyumba, mwingine katishwa, mwingine kaona aibu tu. Wanafanana wote wakikaa kwenye kile kiti. Akasema, "Ningekuwa nachagua mbunge ningekuamini, mzee wangu. Lakini nachagua nyumba ya mtoto." Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema atauliza upya, kwa mwenyekiti wa mtaa, kanisani kwao, kwa mama Veneranda.

— Kumbe ndiyo maana alipita naye! — Castory alisema.

— Ndiyo maana. Na mama Veneranda mwenyewe kaniambia leo asubuhi kwamba kamsifu Msumari, moja kwa moja, kama watu wasemavyo. Kwa hiyo huenda atapitishwa, mwezi ujao au ule wa pili.

— Sasa si ndiyo hayo! — Mwinshehe alipumua. — Umetutisha bure. Mwezi mmoja mtoto yuko kwake.

— Si Yunisi.

— Kwa nini si Yunisi?

— Yunisi yuko Katubuka, kwa mama mmoja mwenye kibali. Bi Clementina anasema mtoto ametoka kwao akaingia botini, katoka botini kaingia kwa Msumari, katoka kwa Msumari kaingia Katubuka. Na huko kusini wanatafutwa watu wake, wakipatikana atahama tena. Akasema, "Siwezi kumzungusha mtoto kama mnavyozungusha kikombe cha kahawa." Msumari akipata kibali, atapewa mtoto mwingine atakayehitaji.

— Mwingine, — Castory alirudia.

— Na kuna jambo jingine. Lile daftari lilisema mtoto wa kambo akiondoka, anaondoka taratibu. Anapelekwa kule kutembea, anarudi. Anapewa picha ya kubaki nayo. Anaelezwa. Marcelina alikuwa ameshashona mfuko wa kuwekea vitu vyake, kwa ajili ya siku hiyo, hata ingekuwa baada ya miaka miwili. Walikuwa wamejiandaa kumrudisha, mnaelewa? Hawakutaka kumnyang'anya mtu. Lakini ikiandikwa ulevi na usalama, hakuna taratibu. Gari lilikuja saa nne, saa nne na nusu limeondoka. Mtoto alikuwa bado ana uji mdomoni.

Macho ya wote, bila kupanga, yalishuka chini ya ubao kwenye kigoda.

— Kiliachwa, — Hamdani alisema.

— Kiliachwa.

Hapo ndipo walipomwona Bonifasi akishuka njia. Alikuja kwa mwendo wake wa kawaida, mrefu, mabega yameinama kwa kuzoea kuingia chini ya boti, futi ya mbao imechomoza mfukoni. Hakuwa amenyoa ndevu. Castory alinong'ona, "Mungu wangu," akasogea kana kwamba benchi limekuwa dogo.

— Mwakeye, — Bonifasi alisalimu kwa Kiha.

Walimwitikia kila mmoja kwa wakati wake, vibaya, kama watoto waliosahau shairi. Hamdani alimpa kikombe. Bonifasi alikipokea akiwa amesimama.

— Kaa, Msumari, — Mwinshehe alisema. — Pahali pako papo.

— Sikai. Nimefuata kigoda. Bi Clementina kasema kinaweza kumfuata Katubuka. Yeye mwenyewe atakipeleka.

Aliinama, akakivuta kutoka chini ya ubao, akafuta vumbi kwa kiganja. Samson alisimama. Alikuwa na miaka sitini na mbili, lakini mikono aliiweka nyuma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

— Msumari. Ile barua...

— Najua.

— Hujui. Mimi ndiye...

— Najua, Samson. Binti hakunitajia mtu, ana adabu ya kazi yake. Lakini "mke analala kwa jirani"? — Bonifasi karibu atabasamu. — Hayo si ndiyo maneno uliyowaambia wakwe wa Waziri? Nilikuwepo. Nilimwaga kahawa yangu kwa kucheka.

— Kwa hiyo Jumanne, ulipokuja...

— Ulipoisoma niliyatambua. Nikasimama pale ili uniambie.

Samson alitafuta pa kushika, akakuta nguzo ya kibanda.

— Nisamehe.

— Mimi ndiye niliyemleta kwenu, — Bonifasi alisema. — Aliniuliza nani ananijua, nikasema hawa. Nilijivuna kidogo. Sikukumbuka kumwambia jinsi mnavyozungumza. Marcelina kaniuliza, ulishindwa nini kumwambia neno moja tu?  Kwangu ilikuwa kama kumweleza mtu kwamba kahawa inanywewa mdomoni.

 Mwinshehe alianza kusema kitu kuhusu rufaa, kuhusu mtu anayemfahamu mkoani, na katikati akaacha mwenyewe. Bonifasi alikuwa akizungusha kigoda mkononi, akikagua miguu yake mitatu, kama ambaye bado anaweza kupata kosa la kurekebisha.

— Analala? — Samson aliuliza. — Huko Katubuka.

— Wanasema jana kalala. Kaulizia babu Taa mara mbili, na Marcelina mara moja. — Bonifasi alinywa kahawa yake. — Mimi wanasema hajaniulizia. Labda ananisubiri tu.

Wakati huo kijana alikuwa akipanda kutoka ziwani na taa mbili zilizoharibika, moja kila mkono. Alizishusha mbele ya kibanda, akafuta jasho.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Noel, natokea Ilagala. Taa hizi nimeambiwa nizilete hapa kwa mzee Karabai. — Samson aliinua mkono kidogo. — Halafu nina jambo jingine. Boti ya baba imefunguka ubavu, na tukikosa fundi mwezi huu tumekosa msimu. Wamenitajia fundi mmoja, Bonifasi. Sijawahi kumwona. Wakasema kabla hujampa kazi kaulize pale kijiweni, wale wanamjua. — Alitabasamu kwa heshima, akatazama benchi zima. — Eti wazee wangu, ni mtu wa namna gani?

Bonifasi alisimama palepale, kikombe mkono mmoja, kigoda mkono wa pili. Hakujitambulisha. Castory aliangalia viatu vyake. Mwinshehe aliangalia madumu yake ya mawese upande wa pili wa njia.

— Mjibuni, — Bonifasi alisema taratibu. — Mgeni anasubiri.

Alikuwa akimtazama Samson, na Samson aliona kwamba hakuwa akimkejeli. Alikuwa akiomba. Alitaka yale ya siku zote, mwizi, mlevi, mvivu, yamwagwe pale mbele ya kijana, wote wacheke, na yeye arudi pahali pake kwenye kivuli. Samson alifungua mdomo. Masizi yote aliyowahi kuyajua yalimjia, na kila moja lilikuwa na muhuri wa ofisi. Aliyaacha, akatafuta maneno mengine, yale ya kawaida ambayo mama Veneranda aliyatoa bila shida. Ni mkweli, ni mpole, mtoto alikuwa salama kwake. Lakini maneno hayo, kwenye benchi lile, katika miaka thelathini yote, walikuwa wamewapa tu watu wasiowapenda, na Bonifasi angeyasikia hivyo.

Hamdani aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yalitoka matone mawili na machicha.

— Imekwisha, — alisema.

Kijana alitazama upande huu wa benchi, akatazama ule.

— Au hamumjui? — aliuliza.